Umeitwa usaili? Namna ya kumchunguza mwajiri kabla hujakaa mbele ya jopo

Msimu wa ajira ukifika, swali linalonijia ni lilelile: "Nimeitwa usaili kampuni fulani, kukoje huko?" Anayeuliza ameshanyoosha shati, ameshakariri mwaka kampuni ilipoanzishwa, dira na dhima, na jina la mkurugenzi mtendaji. Asichojua ni mshahara unaingia tarehe ngapi, watu wanatoka ofisini saa ngapi, na aliyekuwa kwenye kiti anachokiomba aliondoka kwa nini. Hayo ndiyo utakayoishi nayo ukipata kazi. Dira na dhima hutazisoma tena.

Utamaduni wa kazi, kwa mwongozo huu, ni yale yanayotokea ofisini kila siku bila kuandikwa kwenye mkataba: nani anaweza kumpinga bosi kikaoni na kesho yake akaja kazini kwa amani, mtu akikosea anafundishwa au anaaibishwa, majungu yanalipa au hayalipi. Kanuni ya kushika ni moja: amini kilichotokea kuliko kilichosemwa. Mifano yangu mingi ni ya Tanzania Bara, na pale ambapo msomaji wa Kenya ana njia yake nitaitaja.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tangazo la kazi, lote. Lipige skrinshoti au lihifadhi leo, kwa sababu mengi hufutwa siku ya mwisho ya maombi ikipita.
- Jina la usajili la mwajiri. Jina la kwenye bango la barabarani mara nyingi ni la biashara tu.
- Bando, muda wa maongezi na daftari.
- Jioni mbili au tatu. Ukiwa na moja tu, soma sehemu ya mwisho kwanza.
- Watu wawili au watatu wanaoweza kukuunganisha na mtu aliyewahi kufanya kazi pale. Usiseme huna. Uliosoma nao, ulioenda nao fildi, wa msikitini, wa kwaya, jirani: ukianza kuuliza utashangaa.

Hatua ya 1: Andika mambo matatu usiyoweza kuyavumilia

Anza na wewe mwenyewe. Mama mwenye mtoto wa miezi minane, anayeishi Chanika na kazi iko Posta, anahitaji kujua saa ya kutoka kuliko kitu kingine chochote. Kijana asiye na familia, anayetaka kuiva kwenye ukaguzi wa hesabu, huenda asijali kutoka saa 2 usiku mradi kuna mkubwa atakayekaa naye amwonyeshe kazi. Ofisi ni ileile, majibu ni mawili tofauti. Andika matatu tu. Ukiandika kumi utakuwa unatafuta ofisi ambayo haipo.

Hatua ya 2: Hakikisha unamjua mwajiri wako hasa

Tangazo linaweza kuwa na nembo ya benki au ya kampuni ya simu, kumbe mkataba utasaini na wakala wa ajira. Utavaa sare ya benki, utakaa kaunta ya benki, lakini mshahara, likizo na nidhamu yako viko kwa wakala. Kuna mawakala wanaojali watu wao na wasiojali, kwa hiyo ukigundua hivyo, wachunguze wote wawili: anayekulipa na utakayekaa kwake.

Tafuta jina la usajili kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni na majina ya biashara. Hapo utajua kama kampuni ipo kweli, na utapata jina kamili utakalolihitaji hatua ya 5.

*Tahadhari:* Mwajiri wa kweli hamtozi mtu hela ya usaili, ya fomu, ya sare wala ya "kufungua faili". Ukiombwa chochote kwa namba ya simu ya mtu binafsi, uchunguzi wako umeishia hapo. Usilipe.

Hatua ya 3: Lisome tangazo polepole

Mengi yaliyomo ni maneno ya kawaida. "Majukumu mengine utakayopangiwa na mkuu wako" yapo karibu kila tangazo, hayakuambii kitu. "Uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo" nayo imezoeleka mno. Tazama yale ya pekee. Afisa mikopo anayetakiwa awe na pikipiki yake: mafuta na matengenezo analipa nani? Anayetakiwa alete wadhamini wawili wenye mali: hela zikipotea, deni linamwangukia nani? Hayo si ya kukufanya ukimbie. Ni maswali yako mawili ya kwanza, yaandike.

Halafu tafuta kwenye Google jina la kampuni pamoja na jina la nafasi, na uangalie tarehe. Nafasi ileile ya mtu mmoja, tawi lilelile, ikitangazwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja na nusu, kuna kinachowaondoa watu. Angalia usijichanganye: kampuni inayofungua matawi mapya nayo hutangaza sana. Tofauti utaiona kwenye mahali pa kazi.

Hatua ya 4: Soma nyaraka zake mwenyewe, hasa tarakimu

Ukurasa wa "Kwa nini ufanye kazi nasi" uruke. Picha za wafanyakazi wanaocheka wakiwa na fulana za rangi moja zinaonyesha kwamba siku hiyo walipewa fulana. Tafuta nyaraka ambazo sheria inamlazimisha azitoe.

Kwa benki una bahati. Benki zote nchini hutakiwa kuchapisha taarifa za fedha kila robo mwaka, magazetini na kwenye tovuti zao. Watu huangalia faida na kufunga. Wewe shuka chini kwenye taarifa ya mapato na matumizi: kuna mstari wa mishahara na mafao ya wafanyakazi, na chini kabisa kuna idadi ya wafanyakazi na idadi ya matawi. Fungua taarifa za robo nne au tano, uzipange kwa tarehe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Robo ya kwanza benki ina wafanyakazi 412 na matawi 18. Robo ya nne ina wafanyakazi 355, matawi ni 18 yaleyale. Watu 57 wamekwenda wapi, na kazi zao anazifanya nani? Huenda mashine zimechukua nafasi, huenda kuna kitengo kimehamishiwa kwa wakala, huenda waliobaki wanabeba mzigo wa wawili. Taarifa haikupi jibu, inakupa swali zuri la kuuliza, na swali la namna hiyo mbele ya jopo linaonyesha kwamba umesoma.

Unaweza kwenda mbele kidogo. Chukua mishahara na mafao ya mwaka mzima, gawanya kwa idadi ya wafanyakazi. Shilingi bilioni 9.6 kwa watu 400 ni milioni 24 kwa mtu kwa mwaka, yaani milioni 2 kwa mwezi. Usikimbilie kudhani hiyo ndiyo utakayolipwa: humo mna mishahara ya wakurugenzi, posho, na michango ya mwajiri kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii. Inakufaa kwa kulinganisha benki moja na nyingine, au mwaka huu na uliopita. *Kosa la kawaida:* kuchukua safu ya robo moja ukidhani ni ya mwaka. Tafuta safu ya jumla tangu mwaka uanze, ya robo iliyoishia Desemba. Na kumbuka tarakimu nyingi huandikwa kwa mamilioni.

Kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, kama CRDB na NMB, huweka taarifa nzima ya mwaka kwenye tovuti zao. Ndani ya taarifa ya wakurugenzi huwa kuna sehemu ya ustawi wa wafanyakazi: uhusiano wa menejimenti na wafanyakazi, mafunzo, matibabu, mikopo kwa wafanyakazi, watu wenye ulemavu, usawa wa jinsia. Soma ya mwaka huu na ya mwaka jana, ukiziweka pamoja. Kampuni nyingi huandika kwamba uhusiano uliendelea kuwa mzuri na hakuna malalamiko ambayo hayajatatuliwa. Ukikuta aya hiyo imenakiliwa neno kwa neno mwaka hadi mwaka, usiihesabu kama ushahidi. Hesabu vilivyobadilika: wanawake wangapi na wanaume wangapi, na wangapi kati yao wako ngazi ya uongozi, bajeti ya mafunzo imepanda au imeshuka, kesi zilizotajwa kwenye maelezo ya hesabu.

Tuzo ya Mwajiri Bora inayotolewa na Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, ni ishara nzuri. Tazama ni ya mwaka gani na ya kipengele gani kabla hujaipa uzito.

Hatua ya 5: Tafuta kesi zake za kazi

Hatua hii wengi hawaijui, nayo ni bure. Mgogoro wa kazi huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na asiyeridhika huenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinawekwa kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Andika jina la usajili la kampuni kwenye sehemu ya kutafutia. Ukiwa Kenya, tovuti ya Kenya Law ina hukumu za Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na unatafuta vivyo hivyo.

Ukiipata hukumu, usikimbilie mwisho kuona nani ameshinda. Soma mwanzo, pale jaji anapoeleza kilichotokea, maana pale ofisi inaonekana wazi: barua iliandikwa lini, mfanyakazi aliitwa kujieleza au alikuta kadi yake ya mlangoni imefungwa, meneja alimwambia nini. Mwajiri anaweza kushinda kesi kwa hoja ya muda kupita huku kisa chenyewe kinatia uchungu. Anaweza pia kushindwa kwa kukosea hatua moja ya utaratibu ilhali alimtendea mtu wake kwa haki.

*Tahadhari:* Kampuni yenye watu 3,000 lazima itakuwa na kesi. Idadi haitoshi, tafuta kinachojirudia. Kesi nne za miaka tofauti, zote za watu walioachishwa bila kusikilizwa, zinakuonyesha tabia. Kesi moja ya mwizi wa mafuta haikuonyeshi chochote.

Hatua ya 6: Angalia watu wanakaa muda gani

Ingia LinkedIn, tafuta waliowahi kushika nafasi unayoiomba pale pale, kumi hivi ukiwapata. Andika kila mmoja alikaa muda gani na alipotoka alikwenda wapi. Waliokaa miaka mitatu na kupanda cheo ndani ni habari njema. Wengi wakiondoka kati ya mwezi wa nane na wa kumi na nne, kumbuka, utakapofika kwa watu utauliza. Angalia pia wakuu wa idara: wote wametoka nje, au yupo aliyeanza chini akapanda? Swali la undugunaizesheni haliwezi kujibiwa na LinkedIn, lakini hapa unaanza kunusa.

Kabla hujaanza, nenda kwenye mipangilio uweke kuangalia wasifu za watu bila jina lako kuonekana. Glassdoor ina maoni machache sana ya ofisi za kwetu, na JamiiForums ina mengi yenye hasira. Yote yachukulie kama fununu. Malalamiko yenye tarehe, tawi na tukio yana uzito. "Hao jamaa ni wanyama" hayana.

Hatua ya 7: Zungumza na watu

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Wa kumtafuta kwanza ni aliyeondoka ndani ya mwaka mmoja au miwili iliyopita kwa hiari yake, kwenye idara yako au ya jirani. Hana cha kuogopa na kumbukumbu bado mbichi. Wa pili, ambaye watu humsahau, ni aliyefanya fildi au kujitolea pale. Huyo ameiona ofisi kutoka chini: anajua nani alimjibu salamu, nani alimtuma chai kuanzia asubuhi mpaka jioni, nani alimfundisha kazi. Wewe unayeanza utaonekana kwa macho yaleyale yaliyomwona yeye. Aliyeko ndani bado, nenda naye taratibu, usimwombe nyaraka wala siri za ofisi. Aliyefukuzwa msikilize, kisha tafuta wa pili wa kuthibitisha.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi na wenye adabu, kwa mfano:

"Shikamoo dada. Naitwa (jina), nilimaliza uhasibu mwaka jana. Namba yako nimepewa na kaka (jina) niliyekuwa naye fildi. Nimeitwa usaili wa afisa mikopo pale ulipokuwa zamani. Naomba dakika kumi nikupigie siku ukiwa na nafasi, nikuulize kazi ya pale inavyokwenda. Siombi uniunganishie mtu, na jina lako sitalitaja popote. Ukiona si vyema nitaelewa, dada yangu."

Omba kupiga simu, usiombe akuandikie. Skrinshoti zinatembea na watu wanajua, kwa hiyo atakachokuandikia kitakuwa nusu ya atakachokuambia kwa mdomo. Na ukisema hutaomba uunganishiwe, usiombe. Akijitolea mwenyewe ni jambo jingine.

Sasa jinsi ya kuuliza. Ukimuuliza mtu wa kwetu "kazini vipi?" atakujibu "salama tu, tunasukuma" au "tunamshukuru Mungu". Hakudanganyi, ndivyo tulivyolelewa: malalamiko hayatolewi kwa mgeni. Kwa hiyo usiulize kukoje. Uliza tukio la mwisho, na tukio halina jibu la heshima:

- Mshahara wa mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi? Na wa Desemba?
- Mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) unaingia kila mwezi, au ulishawahi kukuta miezi imerukwa?
- Mara ya mwisho mtu wa idara yenu alipokosea, nini kilifuata? Aliitwa pembeni au alisemwa kikaoni?
- Wa mwisho kupandishwa cheo alikuwa amekaa muda gani pale?
- Likizo yako ya mwisho ulichukua siku ngapi? Ulipigiwa simu za kazi?
- Jumamosi iliyopita ulikuwa wapi?
- Dada wa mwisho kwenda likizo ya uzazi, alirudi kwenye kiti chake kilekile?
- Mtu alipofiwa, ofisi ilifanya nini?

Hilo la msiba usiliache. Kuna ofisi ambayo mtu akifiwa, mkuu wake anampigia mwenyewe, gari linatoka, wenzake wanachanga na kazi yake inagawanywa bila kusukumwa. Kuna nyingine ambayo mtu yuko makaburini Kisarawe anaulizwa ripoti ya wiki iko wapi. Hakuna swali lingine linalokuonyesha haraka hivyo wanavyowatazama watu wao.

Mwisho uliza: "Leo wakikupigia urudi kwa mshahara uleule, ungerudi?" Kisha nyamaza. Atakachosema baada ya kufikiri kidogo kina thamani kuliko yote yaliyotangulia.

Majibu yapime kwa sheria, ili usidhani mateso ni kawaida au haki ya kawaida ni fadhila. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na siku za kazi zisizozidi 6. Muda wa ziada ni kwa makubaliano, hauzidi saa 50 ndani ya wiki nne, na unalipwa angalau mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28, ya uzazi siku 84, au 100 wakizaliwa zaidi ya mtoto mmoja. Mama anayenyonyesha ana hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Ukifiwa na mzazi, mwenza, mtoto au ndugu wa tumbo moja una angalau siku 4 zenye malipo. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya asilimia 10. Zingatia kwamba masharti ya saa hayamlindi meneja anayesimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, kwa hiyo ukiomba nafasi ya namna hiyo swali la saa ya kutoka liulize mara mbili. Kenya, chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, likizo ya mwaka ni angalau siku 21 za kazi.

Uliza pia kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, TUICO au FIBUCA kwa mfano, na kama kuna mkataba wa hali bora uliosainiwa, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu masharti ya kazi. Ukiwepo, mengi uliyokuwa unayahofia yameshaandikwa mahali.

Hatua ya 8: Fika mahali penyewe

Nenda siku moja kabla, mara mbili ukiweza. Mara ya kwanza saa 7 mchana. Watu wanatoka kula kwa makundi au mmoja mmoja? Mabosi na wadogo wanakaa pamoja? Kula kwa mama ntilie anayewahudumia, sikiliza. Huna haja ya kumhoji. Meza ya wali maharage ina maneno yake. Mara ya pili simama kituoni kuanzia saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Wanaotoka saa 11 na robo ni wengi au ni wawili watatu wanaotembea kwa haraka bila kugeuka nyuma? Taa za ghorofa gani zinabaki zinawaka? Epuka siku za kufunga mwezi kama ni idara ya fedha, utaona picha isiyo ya kawaida.

*Tahadhari:* Usimbane mlinzi kwa maswali. Anaweza kupoteza kazi kwa ajili yako. Msalimie, mwulize lango la wageni ni lipi, inatosha. Na usipige picha jengo wala watu.

Hatua ya 9: Geuza ulichokipata kuwa maswali

Gawanya ukurasa safu tatu: nilichokiona au kukisoma mwenyewe, nilichoambiwa na watu wawili au zaidi, nilichosikia kwa mmoja. Safu ya tatu usiifanyie uamuzi. Kisha rudi kwenye mambo yako matatu ya hatua ya 1, uangalie lipi bado halijajibiwa. Hilo ndilo la kuuliza jopo watakapokuambia "una swali lolote?"

Namna ya kuuliza ina uzito wake. "Nimesikia huku watu wanaacha kazi sana" itawafanya wajilinde, na watatafuta nani amekuambia. Sema hivi: "Aliyekuwa kwenye nafasi hii amehamia wapi?" Au: "Miezi mitatu ya kwanza nitapimwa kwa kitu gani?" Au, ukiwa umesoma taarifa za robo mwaka: "Nimeona idadi ya wafanyakazi imepungua mwaka huu. Kazi ya idara hii imepangwaje upya?" Maswali mawili yanatosha. Tarehe ya mshahara na mambo ya NSSF yaweke kwa idara ya utumishi watakapokupa ofa, kwa sababu jopo mara nyingi halina majibu na utaonekana umekuja kuhesabu hela.

Siku yenyewe endelea kutazama. Uliitwa saa 3, umeingia saa 6, je, kuna aliyetoka kusema samahani? Wajumbe wa jopo wanamwacha mdogo wao amalize sentensi?

Ukikwama

*Usaili ni kesho.* Fanya hatua ya 2, tafuta TanzLII kwa dakika ishirini, pigia mtu mmoja simu. Mengine yafanye baada ya usaili, kabla ya kusaini. Bado una nafasi.

*Kampuni ni ndogo, haina chochote mtandaoni.* Basi utamaduni wake ni mwenye kampuni. Mchunguze yeye: wanaomuuzia bidhaa analipa kwa wakati? Anayewacheleweshea wazabuni hela zao hatakuwahisha wewe. Wauzaji wa maduka ya jirani wanajua.

*Ni shirika lisilo la kiserikali.* Uliza mradi unafadhiliwa na nani na unaisha lini. Kwenye NGO nyingi mkataba wako una umri wa mradi, na hali ya hewa ya ofisi hubadilika kabisa miezi sita ya mwisho ya ufadhili.

*Ni serikalini.* Ukipita Sekretarieti ya Ajira, huenda kituo ukakijua baadaye. Soma ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, za mashirika ya umma au za serikali za mitaa, zipo na za Kiswahili. Tafuta jina la taasisi, kisha maneno "kukaimu" na "madai ya watumishi". Mahali ambapo watu wanakaimu miaka bila kuthibitishwa, kupanda kwako kutakuwa kwa kusubiri.

*Watu wawili wanakuambia vitu vinavyopingana.* Waulize walikuwa tawi gani, chini ya meneja gani, mwaka gani. Mara nyingi wote wanasema kweli, wa ofisi mbili tofauti. Tafuta ya meneja utakayekuwa chini yake.

*Habari ni mbaya na unahitaji kazi.* Nenda usaili, na ukipata, ingia ukiwa macho. Omba mkataba wa maandishi kabla ya siku ya kwanza na ubaki na nakala yako. Soma kipindi cha majaribio, muda wa notisi, na makato. Saa za ziada ziandike kwenye daftari lako mwenyewe tangu wiki ya kwanza, kwa tarehe. Hati za mshahara zihifadhi zote nyumbani, si kwenye kompyuta ya ofisi. Mwezi wa tatu nenda NSSF ukahakikishe michango imeingia kwa jina lako. Ikiwa haijaingia, waulize idara ya utumishi kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye maandishi. Na maombi mengine usiyasimamishe.